Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu: Tujengeeni chelezo cha boti ndogo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nakala: Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA), Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, Shirika la Bandari Zanzibar, wenye boti za kitalii, mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba.

YAH: RANGI YA SUMU INAYOACHWA MCHANGANI

Mheshimiwa Waziri,



Mimi ni fundi wa boti, Unguja Kaskazini. Kazi yangu ni boti za faiba, hasa katamarani za kitalii, zile zinazopeleka wageni Mnemba asubuhi na kuwatembeza jioni jua likizama. Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili usilitafute mwishoni. Serikali itujengee chelezo cha umma cha boti ndogo, yaani mahali pa kuzipandisha nchi kavu zitengenezwe, au imruhusu mwekezaji akijenge kwa masharti, kiwe na sakafu ya zege na mfumo wa kukusanya mabaki ya rangi. Siku kitakapofunguliwa, ukwanguaji wa rangi ya sumu mchangani upigwe marufuku visiwani kote.

Naomba nieleze kazi yenyewe kwanza, kwa sababu wengi wanaoamua mambo ya pwani wamewahi kupanda boti hizi lakini hawajawahi kuingia chini yake.

Kila chombo kinachokaa majini huota. Huanza utelezi wa kijani, zikafuata nyasi, kisha magamba madogo makali yanayoshika hata kikwanguo kikateleza. Chombo kilichoota ni kizito. Injini hula mafuta, usukani unachelewa kuitika, tanga limejaa upepo na mwendo haupo. Wazee wetu wa majahazi walilijua hilo. Walikipandisha chombo, wakakikalafati, wakakichoma chini kwa moto wa makuti ili kuua funza wanaotoboa mbao, kisha wakakipaka deheni ya chokaa na mafuta. Boti ya faiba haina mbao za kuliwa na funza. Yenyewe hupakwa rangi ya chini, yaani rangi iliyotiwa sumu makusudi ili kisiote kitu. Baada ya mwaka mmoja hivi nguvu ya rangi ile huisha, na boti lazima itoke majini ipakwe upya.

Hapo ndipo katamarani inapokuwa tatizo la peke yake. Boti ya urefu wa mita 12 ina upana unaokaribia mita 7 na uzito wa tani 10 au zaidi. Reli za chelezo cha kawaida hutengenezwa kwa chombo chenye mkuku mmoja katikati; hii ina miili miwili, na katikati pake ni hewa tupu. Kreni za mikanda zilizopo katika yadi nyingi duniani ni nyembamba mno kwake. Lakini ina nafuu moja. Haina mkuku mrefu, na katamarani nyingi zina mkuku mfupi na mpana chini ya kila mwili, wa kusimamia. Ukiileta pwani maji ya bamvua yamejaa, bahari ikikupwa itakaa yenyewe juu ya mchanga. Na bahari yetu hukupwa hasa: wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hapa Unguja inakaribia mita 4.

Kwa hiyo ratiba yetu hupangwa na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Boti huingizwa gizani, nanga mbele na nanga nyuma isigeuke, na mtu hushuka na tochi kuhakikisha hakuna jiwe pale itakapokaa. Mwili mmoja ukikaa juu ya jiwe na wa pili mchangani, daraja linaloiunganisha miili hiyo hujipinda, na ufa unaotokea hapo si wa kuzibwa siku moja. Maji yakishuka mafundi wanaanza: huyu na kikwanguo, yule na brashi na ndoo, wengine na msasa. Zinki zilizoliwa zinafunguliwa, mpya zinafungwa. Propela inasuguliwa. Tepu inabandikwa kwenye mstari wa maji, rola zinaingia kwenye rangi mpya. Mchana maji yanarudi, na kazi inakatika hapo yalipoikuta.

Vyote vilivyokwanguliwa, yaani vumbi, vipande vya rangi kuukuu na magamba yaliyokufa, vimebaki chini ya boti. Hakuna anayevizoa, kwa sababu bahari inakuja kuvichukua yenyewe. Kesho yake mchanga unaonekana safi, na ndiyo maana hakuna anayelalamika.

Mheshimiwa, tutazame kilichomo kwenye kopo. Sumu kuu ya rangi hizi leo ni oksidi ya shaba. Katika rangi nyingi hufika theluthi moja hadi nusu ya uzito wa rangi yote, na nyingine hupita hapo. Katamarani ya mita 12 hula lita 10 au zaidi ikipakwa mara mbili, nayo rangi hiyo ni nzito, lita moja ina karibu kilo mbili. Piga hesabu: kila boti moja inapopakwa, kilo sita hadi kumi za oksidi ya shaba huingia baharini pamoja nayo. Sehemu yake huyeyuka taratibu mwaka mzima boti ikitembea, na hiyo hatuwezi kuizuia kesho. Sehemu inayobaki ndiyo tunayoikwangua. Shaba haiozi. Ikishaingia kwenye mchanga na tope la pwani, hukaa.

Na rangi hii kazi yake ni nini? Ni kuzuia mwani na chaza wasishike kwenye boti. Hicho ndicho mnunuzi anacholipia. Sasa, uchumi wa buluu wa wanawake wa visiwa hivi umesimama juu ya nini? Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kimesomesha watoto na kujenga nyumba za mawe katika vijiji ambavyo havikuwa na zao jingine la fedha mkononi mwa mama. Bweleo wapo kina mama wanaofuga chaza wa lulu. Maji yakikupwa, pwani nzima ya mashariki hujaa wanawake wanaotafuta pweza na kombe kwa miguu. Serikali moja inawahimiza hawa wapande mwani na kufuga chaza, na pwani hiyo hiyo inatuachia sisi tumwage dawa iliyotengenezwa kuua mwani na chaza.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mwani unaokufa Paje umeuawa na rangi ya boti. Wakulima wenyewe na wataalamu wameeleza kwa miaka mingi jinsi joto la maji linavyouchosha mwani na kuuletea maradhi. Ninachosema ni kwamba mkulima anayepambana na joto asiongezewe shaba, hasa kwa kuwa shaba hii inazuilika kwa zege na mtaro.

Ukitaka kuona jambo hili linafika wapi likiachwa, wapo waliokwisha kulipia somo hilo. Ghuba ya Arcachon, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ni mahali pa wafugaji wa chaza na mahali pa maelfu ya boti za starehe. Miaka ya 1970 rangi za chini zilitiwa sumu ya bati iitwayo TBT, kali kuliko shaba kwa mbali, na kila mwenye boti aliisifu kwa kuwa boti haikuota. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo chaza wa Arcachon waliacha kuzaa inavyopasa. Waliobaki magamba yao yalivimba na kuwa mazito, nyama ndani ikawa kidogo. Huko na kwingineko Ulaya, konokono wa baharini majike walionekana wameota viungo vya kiume. Wafugaji walipoteza mavuno mwaka baada ya mwaka kabla chanzo hakijakubalika. Mwaka 1982 Ufaransa ikapiga marufuku rangi hizo kwa boti zenye urefu chini ya mita 25, na baada ya hapo chaza wa Arcachon wakaanza kuzaa tena.

Dunia ilifuata polepole. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti rangi hizi ulipitishwa mwaka 2001 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, ukaanza kufanya kazi Septemba 2008. Tangu Januari 2023 umeongezewa sumu nyingine iliyokatazwa, iitwayo sibutrini, dawa ya kuua magugu iliyokuwa ikichanganywa na shaba. Nataka uone mpangilio wa mambo hayo, Mheshimiwa: kila mara sumu ilianza kusifiwa, madhara yakaonekana kwa wavuvi na wafugaji, na sheria ikaja mwisho. Sisi tunayo nafasi ya kuanza na sheria.

Nazijua hoja zitakazoletwa mezani kwako. Ya kwanza itasema kwamba bahari ni kubwa, itameza. Bahari kuu ni kubwa kweli, lakini boti hazipandishwi bahari kuu. Zinapandishwa kwenye vihori na fukwe zilizokingwa na upepo, pale pale ambapo maji hayachanganyiki upesi, na kila mwaka mahali ni palepale kwa sababu mchanga mzuri usio na mawe ni haba.

Ya pili itasema kwamba hili ni jambo la wageni na matajiri wenye yoti. Wenye boti hizo wengine ni wageni, kweli. Mikono inayozisugua ni ya vijana wa Nungwi, Kendwa, Mkokotoni na Matemwe. Kijana anasugua rangi kavu kwa msasa huku amejifunga fulana mdomoni, jioni anapenga kamasi za buluu au nyekundu kufuatana na rangi ya boti ya siku hiyo. Katika yadi yenye utaratibu, rangi ya sumu husuguliwa ikiwa na maji ili vumbi lisipae, na fundi huvaa barakoa ya chujio, miwani na glovu. Hivyo vyote havihitaji utajiri. Vinahitaji mahali penye msimamizi.

Ya tatu ni gharama. Hapa naomba tuhesabu pande zote mbili, maana kutokuwa na chelezo nako kuna bei yake, ila hailipwi kwa risiti. Mwenye katamarani anayetaka kazi kamili huipeleka boti yake Kilifi, Kenya, ambako kuna yadi ya boti, safari ya zaidi ya maili 150 za bahari kutoka Mji Mkongwe. Fedha ya kupandisha, ya kuegesha, ya mafundi, ya rangi, ya chakula cha mabaharia, yote hubaki huko. Asiyeweza kwenda hubaki na saa chache za mchangani, na saa hizo hazitoshi kazi zote. Mguu wa injini unaopita kwenye tumbo la boti una mpira mkubwa wa kuzuia maji usiopaswa kuachwa mpaka uchakae. Haubadilishwi kati ya maji kupwa na maji kujaa. Vali za chini zilizoliwa na chumvi zinataka kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa upya kwa utulivu. Faiba iliyonyonya maji na kutoa malengelenge inatakiwa ikauke kwa wiki kadhaa kabla haijapakwa epoksi. Kazi hizi zikiahirishwa kila bamvua, boti inaendelea kubeba abiria ikiwa inapendeza juu na imechoka chini. Mkaguzi wa usalama naye atakagua nini ikiwa sehemu ya hatari zaidi iko majini siku anayokuja?

Kuna pia msimu. Wageni hupungua wakati wa masika, na ndipo boti zinapokuwa na nafasi ya kupanda. Ndipo pia mvua inapokuja na kuosha rangi mbichi. Chelezo chenye uwanja wa kuegesha na banda kingetufungulia kazi katika miezi ambayo vijana wa pwani hukaa barazani bila kipato.

Na kuna soko jingine linalopita mbele ya macho yetu. Yoti zinazozunguka dunia hupita Bahari ya Hindi zikifuata kusi na kaskazi, nyingine zikielekea Afrika Kusini. Tangu Januari 2023 mashirika ya meli ya kimataifa yameacha kulihesabu eneo letu la bahari kuwa la hatari ya maharamia. Yoti hizo zinahitaji mahali pa kusafishwa chini, na baadhi ya nchi sasa hazipokei chombo kichafu: New Zealand tangu Mei 2018 inadai kila chombo kifike kikiwa safi chini, na kisichokuwa safi kinaweza kuamriwa kuondoka. Sababu yao tunapaswa kuielewa. Mwaka 1999 huko Darwin, Australia, waligundua kome wa kigeni wameenea katika bandari za yoti, na inaaminika waliletwa na chombo kilichoota chini. Serikali ilifunga bandari tatu za yoti na kuyatia sumu maji yake yote ili kuwaua. Yoti inayokwanguliwa kwenye mchanga wetu inatuachia rangi yake, na pamoja na rangi viumbe hai wa kila bandari ilikopita. Katika chelezo, viumbe hao wangeishia kwenye pipa.

Ninachoomba hakihitaji teknolojia ya ajabu. Mwanza imejengewa chelezo kwa ajili ya meli za Ziwa Victoria. Kwa hiyo nchi hii inajua kujenga vyelezo. Chetu ni kidogo zaidi. Ni mteremko wa zege unaoingia majini, na trela la chini lenye haidroliki linalovutwa na trekta, ambalo huingia katikati ya miili miwili ya katamarani na kuinyanyua kutoka chini ya daraja. Juu ya mteremko ni sakafu ya zege iliyolala kidogo kuelekea mtaro mmoja. Maji ya kuoshea boti huingia kwenye mtaro, kutoka hapo kwenye shimo la kutuliza tope, kisha kwenye chujio. Tope lenye rangi huzolewa, hukaushwa na kuhifadhiwa kama taka ya hatari. Zaidi ya hapo ni banda, umeme, maji ya bomba na mtu wa kuandika daftari.

Kwa kirefu kidogo, naomba yafuatayo.

Kwanza, eneo litafutwe mahali ambapo tayari pana shughuli za bandari na hapana mashamba ya mwani. Mipango ya bandari jumuishi ya Mangapwani ingali inaendelea. Chelezo cha boti ndogo kinaweza kuingizwa humo kabla ramani hazijafungwa. Pemba nayo isisahauliwe.

Pili, wakati tunasubiri, ZEMA itoe mwongozo wa muda. Kukwangua kwa msasa mkavu mchangani kukatazwe. Kila boti inayopandishwa pwani itandikiwe turubai chini, na mabaki yazolewe kwenye magunia kabla maji hayajarudi. Makopo ya rangi yasichomwe wala kufukiwa. Maeneo matatu au manne yateuliwe, mbali na mwani, ili tujue shaba inaangukia wapi na iweze kupimwa.

Tatu, rangi zinazoingia nchini zikaguliwe bandarini. Orodha ya zilizoruhusiwa ibandikwe kila duka linalouza vifaa vya boti, na kopo lisilo na lebo ya viambato lisiuzwe.

Nne, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ianzishe kozi fupi ya matengenezo ya boti za faiba: kusugua kwa usalama, epoksi, vali, zinki, miguu ya injini. Cheti hicho kiwe sharti la kufanya kazi ndani ya chelezo, ili vijana wetu wasije wakabaki walinzi wa geti huku mafundi wakiletwa kutoka nje.

Tano, bei itofautiane. Katamarani ya kitalii ilipe bei kamili, ngalawa na mashua ya mvuvi zipandishwe kwa bei ndogo au bure siku zilizotengwa. Mvuvi aliyeanza kutumia boti ya faiba anapaka rangi hiyo hiyo, tena mara nyingi ile ya bei rahisi, na hatuwezi kumkataza mchanga bila kumpa sakafu.

Kwa wenye boti nasema hivi: ninyi mnauza bahari safi. Picha zenu zote ni za maji yanayoonyesha chini. Mchango wa kuegesha katika chelezo ni sehemu ya gharama ya bidhaa mnayouza, kama mlivyozoea kulipia dizeli na leseni. Mkubaliane na Serikali mapema mtakachochangia, badala ya kungoja ushuru utakaotungwa bila ninyi.

Kwa mafundi wenzangu: turubai halingojei waziri. Bamvua ijayo litandikeni. Mkiambiwa na mwenye boti kwamba linachelewesha kazi, mwambieni bei ya kazi ni pamoja na kuzoa. Tukishikamana wote, hapatakuwa na wa kutupunguzia bei kwa kuacha uchafu.

Mheshimiwa Waziri, wizara yako iliundwa ili bahari ilishe watu wake bila kumalizwa. Hili ni jambo dogo ndani ya kazi hiyo, linaonekana, linapimika, na linaweza kukamilika. Naomba utume wataalamu wako waje pwani siku ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Wachukue sampuli ya mchanga chini ya boti iliyokwanguliwa, wachukue na nyingine kutoka shamba la mwani lililo jirani, wazipime zote kwa shaba, na majibu yatangazwe hadharani. Yakitoka mabaya, jengeni chelezo. Yakitoka mazuri, jengeni bado, kabla hayajawa mabaya.

Wasalaam,

Fundi wa boti,
Unguja Kaskazini.